Kanga Juu ya Laptopu ya Bi Muzna

Hebu mtazame Bi Muzna anavyoingia dukani kwa Azzan, fundi wa Mkunazini, laptopu kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Kazi yake ni kupiga video sherehe za harusi za wanawake, ambako mwanamme hathubutu hata kuchungulia. Mashine imezeeka, ukiiwasha, unapika chai na kuinywa kabla haijaamka, naye anataka kununua mpya.

"Mpya ya nini?" akasema Azzan. "Nnaitia diski ya SSD, ile ya kasi, bei ndogo, itaruka. Vyako vyote nnavihamisha."

"Vyote? Wake za watu vichwa wazi, wanakata viuno! Ukimuona mmoja tu, nani ataniita tena harusini?"

"Sitazami, Bi Muzna."

"Macho hayana pazia, mwanangu."

Uhamishaji ulipoanza, akaifunika skrini kwa kanga, akakaa kama askari. Diski mpya ikafungwa, mashine ikawaka upesi. Bi Muzna akachungulia chini ya kanga, akacheka mpaka machozi. Picha aliyoiweka mwenyewe mbele ya skrini akaisahau ni ya mama mkwe wa Azzan, mtandio kautupa, kiuno kimesahau umri.

"Inafanya kazi?" akauliza Azzan. "Ondoa kanga niijaribu. Siitoi dukani bila ya kuiona."

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?