Sala ya Bibi Siku ya Ukungu

Jumapili iliyopita nilipanda kijijini kwetu, mteremkoni mwa Mlima Meru, kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu yangu. Tulipotoka kanisani tukakaa uani kwa ndugu yangu, na ukungu ukashuka kutoka msituni, mara mibuni haionekani, mara hata geti limemezwa. Wenzangu walicheka wakitafuta masweta. Mimi, mtu mzima mwenye watoto, nilishindwa kukaa. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena nikitazama njia.

Nisikilize kidogo. Nilikuwa darasa la pili, nikilelewa na bibi mzaa baba, humo humo mteremkoni. Asubuhi moja mtamba wetu alikata kamba akakimbilia msituni. Baba mdogo, ambaye bado alikuwa kijana, akamfuata na panga lake. Mchana ng'ombe akarudi peke yake, matope hadi tumboni. Baba mdogo hakurudi. Kisha ukungu ukashuka, na jirani aliyepita na mzigo wa majani akasema nyati wameonekana karibu na mto. Akautua mzigo, akaenda kuwaita wanaume wakamtafute.

Bibi alisimama palepale kati ya migomba, macho wazi, akasema kwa Kimeru, kama anayeongea na mtu wa ng'ambo ya ua: "Baba, mwanangu yuko huko juu. Mimi simwoni, wewe unamwona. Mrudishe. Asante."

Basi. Akaingia jikoni kumenya ndizi.

Mimi nilikimbia getini, nikarudi, nikakimbia tena. Kila jani lililodondosha maji nilidhani ni hatua zake. Nilisali maneno yaleyale, harakaharaka, mpaka ulimi ukakauka. Jikoni moshi wa kuni mbichi uliniwasha macho, na maziwa yalinukia, lakini sikutaka hata kuonja.

"Bibi, omba tena."

"Kwani hakusikia?"

"Lakini hajaja!"

"Nikikutuma dukani, huwa nasimama mlangoni nikikuita mpaka urudi? Niletee chumvi."

Akaendelea kumenya, na ndizi za baba mdogo akazitia sufuriani pamoja na zetu.

Jua likikaribia kuzama tukasikia miluzi. Wanaume walimleta wamembeba juu ya miti waliyoifunga kwa kamba. Alikuwa ameteleza korongoni, na mbwa wa jirani ndiye aliyemgundua. Mguu wake ulining'inia vibaya. Nilipiga kelele, "Bibi, amevunjika!"

Bibi alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akakataa kumwachia hata wanaume walipotaka kumtua, na hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa ameogopa kama mimi. "Niliomba mtu arudi," akasema. "Mguu tunaanza kuuombea sasa."

Mguu ulipona, ingawa baba mdogo anachechemea hadi leo, na bado anafuga.

Bibi tulishamzika. Migomba ilikatwa, pakajengwa vyumba vya kupanga, na ua wa miti umekuwa ukuta wenye vioo juu. Nami naishi Sombetini, huku mjini, na ninapoandika haya binti yangu yuko leba, uzazi wake wa kwanza, na mkwe wangu hapokei simu. Nimemwomba Mungu, mara moja, kama bibi. Najua amesikia. Lakini nazunguka sebuleni, na wadogo wa binti yangu wananizunguka, wananiuliza kwa macho, wala humu ndani hakuna hata mtu mmoja aliyetulia.