Nyumba ya Kupanga Mpaka Usipa Uje

Niliripoti kazini saa moja asubuhi nikiwa na mume, watoto watatu, magodoro mawili, cherehani na barua ya uhamisho. Nilivihesabu tulipopanda gari Mbinga mjini, nikavihesabu tena tuliposhuka ziwani, maana kwenye mteremko ule wa kwenda Mbamba Bay mtu hushukuru kufika mzima akasahau mzigo. Mwalimu Mkuu alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetazama mbuzi walioingia shambani mwake.

“Mwalimu, hawa wote ni wa kwako?”

Nikamwambia ndiyo, na baba yao pia.

Ninyi mnaoajiriwa leo mjue kuripoti ni nini. Unajisalimisha kwa mkuu wa kituo, unapewa vipindi na zamu, basi. Pa kulala hapamo kwenye barua. Pale shuleni nyumba ya walimu ilikuwa moja, ya aina tuliyoiita mbili kwa moja: paa moja, ukuta katikati, familia mbili. Upande mmoja alikaa Mwalimu Mkuu. Upande wa pili paa lilikuwa limechukuliwa na upepo, na kila Mratibu Elimu wa Kata aliyepita alisema linashughulikiwa. Nilistaafu bado linashughulikiwa.

Jioni hiyo nikaenda kwa Mzee Komba, mwenye nyumba ya vyumba vitatu karibu na maji. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza kazi ninayoiweza. Nilimwonyesha matundu ya bati, nikamwonyesha mlango usiofunga, nikamkumbusha kwamba choo kiko mbali kuliko shule. Alicheka, akasema sisi Wamatengo wa milimani tunabishana bei hata ya maji ya ziwa. Halafu akashuka mpaka bei niliyoitaka. Mume wangu, fundi cherehani na mtu wa maneno machache, aliniuliza njiani mbona mzee amekubali upesi hivyo. Nikamwambia hajawahi kukutana na mtu kama mimi.

Kumbe nyumba zote za ufukweni hupangishwa kwa sharti moja, na hakuna mwenyeji anayeona haja ya kulisema, kama vile hakuna anayekwambia ziwa lina maji. Bei ni ndogo kwa sababu unakaa mpaka msimu. Usipa ukianza kupatikana kwa wingi, wale dagaa wa Nyasa wanaovuliwa kwa taa siku za giza, wanunuzi hushuka kutoka Songea na kwingine na magunia yao, na kila chumba hulipiwa kwa usiku mmoja. Mpangaji wa mwezi anatoka. Wenyeji hurudi kwa ndugu zao mpaka msimu upite. Mimi ndugu zangu wako Maguu, juu ya mlima.

Msimu ulipofika, Mzee Komba alikuja na heshima zake zote, akaniambia wanunuzi wanaingia kesho. Nikamwambia nimelipa kodi ya mwezi. Akasema kodi atairudisha, yeye si mwizi. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Huyo alinipa kiti na chai, akasema wananiheshimu sana, ila usipa hausubiri. Nikamuuliza kama darasa la nne linasubiri. Akaniongezea chai.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyekuwa na ushauri kamili.

“Watoto na baba yao wapande milimani kwenu. Wewe ubaki na kazi. Likizo utawaona.”

“Na wewe mama watoto wako umempeleka wapi?”

“Mimi nina nyumba, mwalimu.”

Alilisema hilo bila kuona aibu yoyote. Mimi sikuomba uhamisho ule. Niliambiwa ziwani kuna upungufu wa walimu, nikashuka, na mume wangu akaacha wateja wake wote Maguu ili tuwe pamoja. Sasa ziwa linamtaka mwalimu, halitaki watoto wake.

Tulihamia darasani. Darasa la nne, langu mwenyewe. Tulisogeza madawati ukutani, tukatandika magodoro chini ya ubao, na cherehani tukaiweka mlangoni. Asubuhi sikuondoa kitu. Wanafunzi walipoingia walimkuta Agatha, binti yangu, mwenzao wa darasa hilohilo, anakunja shuka. Mmoja akasema, “Kumbe Agatha mnaishi shule.” Wakacheka kidogo. Agatha hakulia. Alikaa kwenye dawati lake na shuka mapajani, akafungua daftari. Leo ni mama wa watoto wawili, na hataki kisa hiki kitajwe mbele yake.

Nilifundishia uani, jua likiwaka. Mwalimu Mkuu aliniambia darasa si nyumba. Nikamjibu nyumba nayo si ghala la samaki. Wazazi wakaanza kuja kutazama, mmoja baada ya mwingine, na mwisho akaja Mzee Komba, kwa sababu mjukuu wake alirudi nyumbani kaungua jua.

“Rudi, mwalimu.”

“Mwaka mzima, pamoja na msimu. Bei ileile.”

“Na wanunuzi walale wapi?”

“Kwako, mzee. Si una heshima nao?”

Akatazama magodoro yetu, akatazama ubao. Akakubali, na safari hii hakukubali upesi.

Tulikaa kwake miaka yote mpaka wanangu walipomaliza shule. Siku ya kuniaga kazini ofisa mmoja alisifu uvumilivu wangu. Nilipokea kitenge, nikashukuru kwa sababu ya wageni. Uvumilivu gani? Nyumba niliipata kwa kumlaza mwanangu sakafuni mbele ya wenzake, na kama ningevumilia angekulia kwa bibi yake.

Mwaka huu nilishuka ziwani kusalimia. Nafasi yangu ameipata kijana hodari, anafundisha vizuri kuliko nilivyofundisha mimi. Mke na watoto amewaacha Kigonsera, mbali na ziwa. Nikamuuliza huwaona lini. Akasema likizo, akaongeza kwa adabu nisiwe na wasiwasi, ameshazoea. Mtoto wake mdogo, anasema, humwita mjomba.