Nilivyoitafuta sauti ya mjomba mtandaoni, nikapotea kwenye tovuti za muziki

Wakuu, habari za mchana, poleni na majukumu.

Hiki kimenitokea mimi mwenyewe hapa Same, sijasimuliwa. Asiyeamini apite kimya kimya, tusisumbuane.

Nina kasteshenari kangu karibu na stendi. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya photocopy, na huu upepo wetu unaoingiza vumbi hadi kwenye kibodi. Wateja wakikatika nasikiliza muziki online. Mouse yangu imekufa nusu, kwa hiyo shortcuts nimezikariri. Ctrl+T tab mpya, Ctrl+L narudi juu kwenye address bar naandika wimbo, Ctrl+D nahifadhi. Nilijiona fundi haswa.

Juzi mama akashuka kutoka Chome, alikuwa na kliniki ya macho. Alipomaliza akaja kukaa dukani kusubiri gari la kurudi mlimani. Mara akaniambia, "Mwanangu, nasikia sauti ya mjomba wako ipo humo kwenye kompyuta. Nitafutie."

Mjomba Eliakimu ni kaka yake mama, tulimzika mwaka jana. Simu yake ilipotea kwenye msiba na kila kilichokuwemo. Mama hana hata voice note moja. Akaniambia ameanza kuisahau sauti yake, na hilo linamuuma kuliko msiba wenyewe.

Nikaingia kazini.

Nyimbo za asili za Kipare. Hakuna. Nikaweka jina la mjomba ndani ya alama za nukuu ili lije lenyewe. Hakuna. Ngoma za Upareni, kwaya za Chome, tovuti zote za muziki ninazozijua nimepita. Tab zikajaa mpaka majina hayasomeki. Zinakuja harusi za watu nisiowajua na matangazo ya dawa za nguvu.

Huko nje konda ameshaanza kuita abiria. Nikamwambia mama kwa hasira kidogo, "Huo wimbo haupo, walikudanganya."

Mama akanishangaa. "Wimbo gani? Kwani mjomba wako alikuwa mwimbaji? Yule alikuwa mtu wa msaragambo."

Aisee!

Kwa wasio wa huku: msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, mnatoka wote na majembe kutengeneza barabara au kuzibua ndiva, yale mabwawa yetu ya kumwagilia mashamba. Mjomba anaanzisha, watu wanaitikia huku jembe linashuka. Kwetu hakuna anayesema ule ni muziki, ile ni kazi. Na mimi mtoto wa huko huko natafuta kama mtalii!

Ctrl+L. Nikaandika msaragambo, ndiva, na jina la kitongoji chetu. Ikaja video ndefu ya ukarabati wa ndiva, mwanzo mpaka mwisho udongo na migongo ya watu. Ukibonyeza namba kwenye kibodi video inaruka mbele. Nikaruka 2, nikaruka 4. Kwenye 6 huyu hapa mjomba, na ile sauti yake ya kukwaruza.

Kwa papara nikagusa Ctrl+W, tab ikajifunga.

"Umemfanyaje?!" mama akapiga kelele.

Ctrl+Shift+T, akarudi. Mnaoidharau hii shortcut mniheshimu.

Kioo mama alikuwa hakioni vizuri, kliniki walimtia dawa ya macho. Alikuwa anasikiliza tu. Ikipita anasema, "Rudisha." Nabonyeza J, inarudi sekunde kumi. "Rudisha." J. "Rudisha." Akaja mteja wa photocopy, ikabidi nichukue kidole cha mama nikiweke juu ya J, nikaenda kuhudumia.

Konda akaja kumwita. Mama hata hakugeuka. "Nendeni tu, mimi niko na kaka yangu."

Wakuu, nililia pale kwenye mashine ya photocopy, siwafichi.

Nilichojifunza: mtu wako ukimtafuta mtandaoni, mtafute kwa ile shughuli aliyoifanya na kwa jina mnaloiita kwenu. Na najua mtaleta utani wa Wapare na ubahili. Ndiyo, bando niliona linakata, na nilikaa kimya.

Sasa naombeni msaada. Mama bado yuko kwangu, anapanda kesho, huko network ni ya kubahatisha, na simu yake ni kitochi. Anayejua namna ya kuitoa hiyo sauti na kumwekea humo aseme hapa chini.

Leo asubuhi, hata chai hajanywa, kaniuliza ile herufi iko upande gani.