Audio zangu mu simu ya yaya

Yaya wangu, ndugu yangu mukubwa, ananunuaka kakao. Balimukamata ku barrière ya basoda ya kuingilia Beni, akitoka Mutwanga, juu aliinua simu wakati basoda balikuwa banapekua mizigo. Balisema anabapiga picha. Yeye alisema anatafuta réseau. Balimutia mu cachot, simu bakaiweka mu tiroir ya bureau, bakamwambia: siku utatupa mot de passe tutaangalia, na kama hamuna kitu, utaenda kwenu.

Akakatala.

Mama hakuweza kuacha boutique yake ya Butembo, akanituma mimi. Nilifikia kwa mama mudogo, kule Beni, na kila midi nilipeleka chakula, juu kule mufungwa anakula kile familia inaleta. Mimi sijue kuzoeana na batu. Binti za mama mudogo balikuwa banacheka, na mimi nikianza kucheka, bao bamekwisha kunyamaza. Mangaribi nilikuwa nashika simu ili nirekodi sauti yangu nimutumie yaya audio, halafu nakumbuka simu yake iko mu tiroir.

Ni yeye tu nilikuwa namuambia mambo. Kama mu kilasi ninaikala banc yangu pekee. Kama nilitoka mu chorale juu balicheka sauti yangu. Kama kuna kijana wa sixième, kilasi ya mwisho, asiyejua ata jina langu. Mama hajue ata moja.

Mama mudogo alisema mot de passe ni namba, si jino, inauma wapi? Lakini avocat kijana wa parokia yetu alisema hapana, simu iko kama nyumba, mutu haingie bila karatasi ya magistrat. Alienda kuiomba. Ku bureau bakamwambia magistrat yuko safarini.

Juma ya pili yaya alianza kukohoa. Nilimuuliza polepole, ku dirisha ya vyuma, kama picha za basoda ziko. Alisema haiko ata moja.

“Donc fungua, yaya.”

Aliangalia sahani. “Mu simu muko sauti yako.”

Nilisikia haya mpaka ku masikio. “Basikie,” nikasema. “Mimi nataka urudi.”

Akabapa namba. Nilikuwa nangoja ku veranda. Picha hawakupata, mais hawakufunga simu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inatoka mu bureau, ndogo: yaya, leo tena nimekula pekee yangu nyuma ya kilasi. Balicheka. Mumoja akasema, “Weka tena ile ya kijana wa sixième.”

Balimuachilia siku ile. Tukapanda taxi ya kurudia Butembo. Kisha avocat akapiga simu: karatasi haikutolewa, kwa hiyo tunaweza kulalamika, ila mimi nitaitwa kueleza mbele ya batu ni nini balisikiliza. Yaya aliniangalia. Nikasema hapana.

Sasa tuko mu nyumba moja. Yeye anakohoa upande ule wa ukuta, mimi niko upande huu. Jana alinitumia audio. Sijaifungua.