Asiambiwe Mpaka Amalize

Watu wengi hudhani ukimaliza masomo umehitimu. Chuoni kwetu ilibidi uombe kuhitimu, kama mtu anayeomba kazi: unajaza fomu, unapanga foleni ofisini kwa msajili, unasubiri wakubali kwamba kweli umemaliza. Niliona ni dharau, na naona hivyo mpaka leo. Swali moja tu nililijibu kwa furaha. Chuo kilifundisha kwa lugha mbili, na waliofikia daraja la heshima walisoma ukurasa mmoja wa utafiti wao mbele ya wageni siku ya mahafali. Fomu iliuliza: Kiingereza au Kiswahili? Wenzangu walichagua Kiingereza, waonekane wamesoma. Mimi nilichagua Kiswahili kwa sababu mama alikuwa aje kunisikiliza.

Utafiti wenyewe ulihusu mdalasini, namna wanawake wa milimani kwetu, juu ya Mkuyuni, wanavyoubandua na kuuanika. Mama alikuwa mmoja wao, na kwa mdalasini huo ndio alinisomesha baada ya baba kufariki. Alikuwa ameshanionya. "Usije ukanisomea Kizungu mbele za watu," alisema, "nikabaki kutoa macho."

Ulibaki mtihani wa mdomo, na huo ndio ungeamua kama napata heshima au naikosa. Nikajifungia chumbani kwangu Kihonda, mjini, nikasoma. Kwetu mlimani mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo jioni mtu hupanda jiwe kubwa lililo mwinukoni, juu ya nyumba, kusubiri simu. Siku zote alikuwa akipanda mama. Safari hii kila nikipiga alipokea mdogo wake, mama mdogo. Mama yuko shambani. Mama amejilaza, miguu inamsumbua. Mama anakusalimu, anasema soma. Nilinuna kidogo, nikaona mama ananikwepa, kisha nikarudi kwenye vitabu.

Nilifaulu. Jopo lilinipa mkono, na mwalimu mmoja mkali akasema heshima yangu haina ubishi. Nikapiga simu palepale barabarani, napayuka kama mwehu. Mama mdogo akasema, "Alhamdulillah. Sasa njoo nyumbani." Nilimsikia anavuta kamasi. Nikadhani ni machozi ya furaha.

Nilipanda mlima nikiwa na nyama na kitenge kipya cha mama. Uani palikuwa na mikeka, wanawake wamejitanda khanga, na hakuna hata mmoja aliyenipigia kigelegele. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada zake, alinijia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu."

Hakuniuliza ya mtihani. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa umeanza kukauka.

"Alikataza mwenyewe," akasema. "Alisema, asiambiwe mpaka amalize."

Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mwenye mtihani hapelekewi habari ya msiba, wala ya ugonjwa mzito. Nilishaona wengine wakifichwa hivyo, na nikaona ni busara. Siku ile nilitamani kumpiga mjomba wangu. Nilimwambia mtihani unarudiwa, mama je, mtamrudia wapi? Nikamwambia na mengine ambayo mtu hamwambii mjomba wake. Aliyapokea yote akitazama chini.

Siku ya mahafali yeye na mama mdogo walikalia viti viwili vya wageni wangu. Nilisoma ukurasa wangu wa Kiswahili nikiwa ndani ya joho la kukodi, nikisoma haraka ili uishe. Watu walipiga makofi. Sikusikia fahari wala nini, nilisikia joto tu.

Baada ya hapo mjomba alikwenda kuulizia gari. Tukabaki wawili, mama mdogo na mimi, nami nimekunja joho mapajani. Akasema kuna jambo limemkaba na hawezi kurudi nalo mlimani. Mama alipozidiwa, alikuwa akimuuliza mdogo wake, kila huyu akishuka kutoka jiweni: ameshamaliza? Naye anamjibu bado dada, bado kidogo. Siku ya mwisho akashindwa kusema bado. Akaona ni heri dada yake aende na furaha. Akamwambia ndiyo, amemaliza, amepata na heshima.

"Alifurahi?" nikamuuliza.

"Alifurahi. Alicheka kabisa." Mama mdogo akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Halafu akageuka akatazama mlangoni. Akasema, 'Kama amemaliza, mbona haji?'"