Spika za nyuma zilivyokuwa zikizimika kila jua likipanda, ukumbini kwa Senge, Malaba

Wakuu, hamjambo? Salamu kwa wote, hata nyinyi mnaosoma kimya kimya na kuondoka bila kuaga.

Kila wiki humu kuna mtu analalamika: amenunua home theater, spika za mbele zinanguruma, za nyuma zinanong'ona kama watu walio msibani. Na kila wiki anajibiwa vilevile: badilisha amplifaya, nunua nyingine.

Ngoja kwanza. Kaa nikusimulie yaliyotupata Malaba, upande wa Kenya, miaka ya sabini. Nitasema yalivyokuwa. Siongezi chumvi, maana hadithi yenyewe ilikuwa nayo ya kutosha.

Nilikuwa kijana, nimemaliza shule, nangoja kazi ambayo haikuwa na haraka nami. Nikawa namsaidia shangazi yangu Ajiambo. Sisi Wasamia shangazi tunamwita senge, na Malaba nzima ilimwita hivyo, hata madereva kutoka Mombasa wasiojua neno lina maana gani.

Senge alikuwa mjane, na alikuwa na ukumbi wa dansi karibu na barabara ya kwenda mpakani.

Ukumbi ulikuwa mabati juu mpaka chini. Paa mabati, kuta mabati. Tena mabati ya zamani, yaliyobomolewa kwenye stoo ya pamba, yenye kutu ya rangi ya chai. Jua likipanda yalikuwa yakilia, ta, ta, ta, kama mtu anayevunja vidole.

Dansi yenyewe ilikuwa ya mchana. Msishangae. Malori yalikuwa yanasimama foleni kungoja karatasi za forodha, na dereva anaweza kukaa hapo siku nzima na taniboi wake, yaani utingo, wanaangaliana tu. Kungoja kunachosha kuliko kuendesha. Senge alilijua hilo mapema kuliko mtu yeyote pale mjini. Saa nane jenereta inawashwa, rumba inaanza, na giza likiingia kila mtu anarudi kulinda mzigo wake.

Sasa kuhusu mashine.

Kulikuwa na mhandisi mgeni aliyekuja kwa kazi ya barabara. Muda wote wa kazi hiyo alikula samaki kwa Senge. Alipokuwa anarudi kwao alimwachia gramafoni yake na amplifaya ya spika nne. Mbili mbele, mbili nyuma. Vijana, surround haikuanza na nyinyi! Siku hizo waliiita kwadrafoniki, na sahani zake za muziki zilikuwa za pekee. Alimwachia moja ya majaribio: upande mmoja kwaya, upande mwingine muziki wa dansi.

Aliyeifunga ni Ekirapa, Mteso wa Amagoro, fundi wa umeme wa malori. Mcheshi, mwenye kujiamini, na hakuna taa ya trela iliyowahi kumshinda.

Siku ya kwanza tuliijaribu asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu. Wakuu, sijasahau. Gitaa lilianzia mbele, likapita karibu na sikio langu la kulia, likaenda nyuma, likarudi kwa kushoto kama mtoto anayekimbia kuizunguka nyumba ya mama yake. Senge alisimama katikati na sufuria mkononi, hajui aangalie wapi.

"Ekirapa," akasema, "wewe leo unakula bure."

"Leo tu, Senge?"

Ilipofika saa nane, watu wamejaa, spika za nyuma zikaanza kufifia. Saa tisa zilikuwa zinakoroma. Jioni zikarudi zenyewe, safi kabisa, watu wakiwa wanaondoka.

Kesho yake vivyo hivyo. Na kesho kutwa.

Lingekuwa jambo la kuchekesha tu, lakini juma lile likaja neno kutoka Sigalame, kijijini kwetu.

Plot ya ukumbi ilikuwa ya babu yangu, na baada yake ilisimamiwa na kaka mkubwa wa Senge, Mzee Wandera, yaani baba yangu mkubwa. Mtu wa kanisa, wa maneno machache. Basi ajenti mmoja wa kutoa mizigo forodhani alikuwa amemfuata mpaka nyumbani, akaitaka ile plot aifanye godauni. Mzee akatuma ujumbe: nakuja Jumapili baada ya ibada, nione mwenyewe hiyo nyumba ya makelele, halafu niamue.

Senge angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alimjibu hivi: "Mwambieni kaka hapa si makelele. Akija nitamwekea kwaya, na itamzunguka pande zote kama yuko katikati ya malaika."

Mdomo wa Senge huo. Na Mzee angefika mchana, jua likiwa utosini.

Tukaanza kutafuta ugonjwa.

Kwanza nilibadilisha nafasi za spika: za nyuma nikazileta mbele, za mbele nikazipeleka nyuma. Zile zilizougua zilipofika mbele zikanguruma, na zile nzima zilipofika nyuma zikaugua. Kwa hiyo spika hazikuwa na kosa. Nikabadilisha na matundu ya amplifaya. Hali ileile: tatizo lilibaki nyuma ya ukumbi.

Senge akashuku vitambaa vyake. Alikuwa amezivalisha spika zote vitambaa vya kufuma, vyenye wanga, vimekauka kama chapati ya juzi. Akavivua kwa uchungu. Hakukuwa na mabadiliko, akavirudisha.

Ekirapa alikuwa na hakika ni jenereta. "Inachoka na joto, kama mtu." Akaifunika gunia lililoloweshwa maji. Siku ya Ijumaa mvua ikanyesha kutwa nzima, na spika za nyuma zikaimba mchana kutwa bila kukohoa.

"Mmeona gunia?" akauliza Ekirapa, akitembea ukumbini kama bwana harusi.

Jumamosi jua likatoka. Gunia lilikuwa bichi chapachapa, na spika zikafa palepale saa nane.

Nilikaa karibu na kaunta nimeshika kichwa. Nilimwona Senge akipanga viti vya kesho huku akiimba kwa sauti ya chini, na niliijua ile sauti. Hivyo ndivyo alivyoimba wiki aliyofiwa.

Ndipo akaingia Kamau, dereva wa trela kutoka Nakuru, mtu mnene hasa, soda mkononi. Akaenda mpaka nyuma, akaegemea ukuta.

Spika ya nyuma ikafunguka. Pwaa! Tarumbeta ikajaa ukumbi.

Kamau akainuka kwenda kuongeza soda. Ikafa.

Nikaruka. "Boss, rudi pale ulipokuwa!"

"Pale wapi?"

"Kwa mabati. Egemea."

"Mimi ni nguzo?"

"Egemea tu, boss, tafadhali."

Akaegemea. Tarumbeta. "Toka." Kimya. "Rudi." Tarumbeta. Kufikia hapo dansi ilikuwa imesimama, watu wanashika mbavu, na Kamau mwenyewe anacheka mpaka mabati yanatikisika na muziki unaingia na kutoka pamoja na kicheko chake.

"Mpeni soda nyingine!" Senge akapiga kelele kutoka jikoni. "Huyu haendi Kampala tena, nimemwajiri awe waya!"

Neno hilo, waya, likanigonga. Nikamwita Ekirapa.

"Waya wa pili wa spika hii umepitia wapi?"

"Wa pili wa nini?"

"Spika inataka waya mbili, Ekirapa. Wa kwenda na wa kurudi."

Akanitazama kwa huruma. "Ouma, taa ya nyuma ya lori inapelekewa waya ngapi? Moja. Ya kurudi ni nini? Bodi yenyewe ya chuma. Sasa waya niliyokuwa nayo haikutosha kufika nyuma mara mbili. Nikafunga ya kurudi kwa mabati, huku kwa kaunta penye amplifaya na kule nyuma. Nyumba yote ni chuma. Si ni bodi?"

"Hii nyumba si lori!"

"Shida si mimi," akasema bila kutikisika. "Shida ni kutu. Hata lori lenye kutu taa zake zinafifia."

Na hapo, wakuu, alikuwa sahihi kabisa. Sauti ilikuwa inakwenda nyuma kwa waya na kurudi mbele kupitia ukutani, bati hadi bati. Asubuhi yakiwa baridi, mabati yalibanana. Jua likiyachoma yanatanuka na kujikunja, zile sehemu zenye kutu zinaachana, na sauti inakosa njia ya kurudi. Mvua iliyapoza, si gunia. Na mgongo wa Kamau uliyabana kuliko msumari wowote.

Tukahitaji waya mrefu, na duka lenye waya lilikuwa limefungwa hadi Jumatatu.

"Chukueni ya trela yangu," Kamau akasema. "Karatasi zangu hazitoki kabla ya Jumatatu. Lakini Ekirapa, ukiirudisha, uirudishe kama ya lori. Sitaki kufika Kampala nikipiga breki taa zinaimba rumba."

Jumapili asubuhi tukaanza kazi. Tulidhani tuna muda. Mzee Wandera akatukuta bado tuko juu ya ngazi, amepata lifti kwenye gari la samaki kutoka Port Victoria. Kofia, koti, Biblia kwapani. Na nyuma yake yule ajenti, ambaye hata hakusalimia vizuri. Alianza kupima ukuta kwa hatua zake, halafu akagonga mabati kwa kiganja.

"Mzee, hii ni godauni tayari. Inataka mlango mkubwa tu."

"Mulembe, kaka," Senge akamsalimia, akimwekea Mzee kiti katikati ya ukumbi. "Kaa. Kunywa chai kwanza."

"Nimekuja kusikia hao malaika wako, Ajiambo. Chai iko hata nyumbani."

Ekirapa akafunga waya ya mwisho, jasho linamtiririka. Nikashusha sindano.

Kwaya ikatoka pande zote nne, lakini ilikuwa nyembamba, sauti za besi hazipo, kama watu wanaimba ndani ya mtungi. Mzee akakunja uso. Ajenti akatabasamu. Senge akanitazama, na ule mtazamo hauna jina.

Nikakimbia nyuma. Waya ya trela ilikuwa ya rangi moja, na kwa haraka yetu spika moja ya nyuma tuliifunga kinyume: chanya kwenye hasi. Maana yake hii inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi zinauana katikati. Niliinyanyua sindano, nikazigeuza zile ncha mbili, na nikaanza upya.

Ilikuwa saa nane kamili, mabati yanalia ta, ta, ta.

Safari hii wakaingia wote. Wanawake mbele, wanaume nyuma, sauti nzito za wanaume zikipanda kutoka sakafuni kama joto la udongo baada ya mvua. Mzee Wandera akageuka ghafla. Akatazama nyuma. Hakuna mtu. Akageuka tena.

"Ajiambo, hawa wameingilia wapi?"

"Hawajaingia, kaka. Ni spika."

Akaenda mpaka nyuma, akaweka kiganja juu ya kitambaa cha kufuma, akakisikia kikitetemeka. Akarudi akaketi, akavua kofia.

"Mzee," ajenti akaanza, "kuhusu ile plot..."

"Nyamaza kwanza. Watu wanaimba."

Wimbo ulipokwisha alimgeukia ajenti. Akamwambia, kwa upole kabisa, "Nenda utafute ukuta mwingine wa kupima."

Senge akakimbilia jikoni. Alisema chai inamwagika, lakini hakukuwa na chai motoni.

Aliporudi, macho mekundu na kicheko mdomoni, Mzee alimwonyesha mashine kwa kidole. "Geuza ile sahani."

"Kaka, upande ule ni wa dansi."

"Kwani nimekuuliza ni nini?"

Basi wakuu, funzo nililolipata ni hili. Spika ikinyamaza, usikimbilie dukani. Ibadilishe nafasi na nyingine ujue kama inayougua ni spika au njia. Fuata waya mpaka mwisho, wa kwenda na wa kurudi, angalia kutu, na usichanganye chanya na hasi. Na angalia ugonjwa unakuja saa ngapi, maana mara nyingi saa yenyewe ndiyo jibu.

Na fundi akikuambia shida si yeye, msikilize. Nusu ya maneno yake huwa kweli.

Haya, mwenye spika za nyuma zinazonong'ona ashushe maelezo hapa, na picha za waya zake kama anazo. Na kama kuna mtu aliwahi kucheza kwenye ile dansi ya mchana Malaba, ajitokeze tusalimiane.