Kilo Tano za Shemeji

Mizani ya bafuni, kama jina lake linavyojieleza, iliundwa ikae bafuni na kumwambia mtu mmoja, mlango ukiwa umefungwa, jambo asilotaka kulisikia. Mtu aliyeitwa Kilo aliitoa huko akaiweka kando ya barabara, kati ya duka la vitabu na duka la dawa, juu ya kipande cha boksi alichokikunja ili isiyumbe, na kwa miaka mingi akaishi kwa kuwaambia watu jambo hilohilo hadharani. Jina la Kilo alipewa na wauza magazeti. Lile alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, likipumzika.

Mteja alitakiwa kuvua viatu tu. Wengi hawakuishia hapo. Walivua mkanda, wakatoa funguo, simu, saa. Karani mmoja wa benki alikuwa akivua hata miwani, na Kilo, ambaye ni mtu mstaarabu, aliipokea kwa mikono miwili bila kuuliza miwani ina mchango gani katika suala lile. Karibu wote walishusha pumzi ndefu kabla ya kupanda, kana kwamba hewa ndiyo iliyowanenepesha.

Kazi yenyewe ingeweza kufanyika kimya kimya kama si kasoro moja katika umbo la binadamu. Dirisha la namba lilikuwa mbele ya vidole vya miguu. Mwembamba aliinamisha macho akajisomea. Mwenye kitambi aliinamisha macho akaona kitambi. Basi wale ambao namba haikuwa na shida nao walijisomea wenyewe, na wale iliyowahusu walilazimika kumuuliza Kilo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini wahenga, yaelekea, walikuwa wembamba.

Kwa hiyo Kilo alichuchumaa, akasoma, akanong'ona. Kunong'ona alijifunza baada ya kumtangazia mama mmoja uzito wake mbele ya mkwewe. Mama yule hakurudi tena, na mkwe naye, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alikumbuka ghafla kwamba ana haraka.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na zahanati, na katika zahanati kulikuwa na nesi mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na viziwi. Siku moja nesi huyo aliwaita watu wa mtaa ambao kazi zao haziendi bila maneno: vinyozi, wasusi, mafundi viatu, walinzi wa milangoni, na Kilo. Aliwaweka kwenye viti vya plastiki nusu siku nzima akawaambia kwamba mabango ukutani hayajambadilisha mtu. Bango linamtazama mgonjwa, mgonjwa anatazama saa. Mtu hubadilika kwa neno dogo la mtu aliyemzoea. Wasikemee, alisema, wala wasitishe watu kwa vifo. Waulize, wasikilize, wamwache mwenyewe aseme anachoweza. Na zaidi ya yote, wamtie moyo kila anayejaribu, hata akiwa amejaribu kidogo tu.

Maneno mengi ya semina hubaki kwenye viti vya plastiki. Hili la mwisho Kilo aliondoka nalo.

Alianza na karani wa benki, akamuuliza anafikaje kazini. Karani alikuja kwa gari, kutoka nyumba ambayo paa lake lilionekana pale walipokuwa wamesimama. Wote wawili walilitazama paa hilo kwa muda. Wiki iliyofuata karani alikuwa anakuja kwa miguu, akilalamika. Mama muuza vitambaa alikubali kushuka kutoka vijiko vinne vya sukari hadi viwili, akatoa taarifa kwamba chai sasa ina ladha ya adhabu. Tatizo kubwa halikuwa sukari, lilikuwa watu. Ukinenepa unaambiwa umenawiri. Ukipungua unaulizwa kama unaumwa au umeachwa. Kilo aliwapa jibu: waambieni mmetumwa na Kilo. Jibu halikuwa na maana yoyote, ndiyo maana lilifaa.

Kisha akaja shemeji yake.

Huyu alikuwa kinyozi, kaka mkubwa wa mke wa Kilo, mwenye duka la viti viwili kwenye kona. Alikuwa na ngiri kitovuni. Kazini alisimama, mkono mmoja ukinyoa na mwingine ukiizuia ngiri isitokeze, jambo ambalo wateja waliokuwa wakilitazama kwenye kioo hawakulifurahia sana. Kila ikifika saa sita mchana alikuwa hawezi kusimama tena. Daktari alimwambia hawezi kumpasua akiwa na kilo mia na nne; ashuke hadi tisini ndipo warudi kuzungumza. Na asichelewe, kwa sababu ngiri ikijibana siku moja hawatapima kilo, watakimbia naye chumba cha upasuaji.

Kilo aliuliza kama alivyofundishwa. "Shemeji, kwa siku unatembea kiasi gani?"

"Nakizunguka kiti."

"Na zaidi ya kiti?"

Kinyozi alifikiri kwa uaminifu. "Naenda kwenye friji."

Kwenye friji kulikuwa na soda. Alikuwa akinywa moja na kila mteja aliyemzoea, na alikuwa amezoeana na watu wengi. Hakuna aliyemwambia aziache. Alisema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayetoa mahari, kwamba labda soda ziondoke na labda jioni arudi nyumbani kwa miguu. Kila Ijumaa angekuja kupima.

Ijumaa ya kwanza ilitoa kilo moja, ya pili ikatoa nyingine. Ijumaa ya tatu alikuja shati limemganda mgongoni, macho yake kama ya mtoto wa shule anayesubiri matokeo, akapanda, na mshale ukawa palepale kwenye mia na mbili. Kilo alibaki amechuchumaa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mtieni moyo, alisema nesi. Fundi viatu angeweza kumtia mtu moyo kwa kisigino kipya. Kilo hakuwa na kitu mkononi ila namba.

"Mia na moja," alinong'ona.

Kinyozi alishuka akicheka. Wiki ile alitembea hadi akapitiliza nyumba.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa mia na moja ya kweli, lakini hiyo ilikwisha kutumika, ikabidi iwe mia. Uongo ni kama nywele: ukishauanza lazima uusawazishe kila wiki. Na ukweli nao, tuwe waungwana, haukuwa umekaa bure. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lilikuwa likipungua kweli. Kilo alikuwa tu akihesabu vipande ambavyo havijaanguka. Mwanzoni alitangulia kwa kilo moja, baadaye mbili, halafu nne, hadi Ijumaa ile aliyomtangazia shemeji yake tisini, mshale ukiwa umelala kwenye tisini na nne bila habari.

Kinyozi alimkumbatia katikati ya barabara. Zilibaki wiki mbili kabla ya tarehe aliyopangiwa hospitalini, na kwa kuwa alikuwa amefika, alipumzika, hata kupima akaacha. Akaanza tena kurudi nyumbani kwa basi. Soda zilirejea mojamoja, kama jamaa waliosikia kuna sherehe.

Habari ya hospitali ililetwa na mke wa Kilo, ambaye alikuwa amemsindikiza kaka yake. Aliketi kitandani akakunja nguo zilizokauka.

"Kaka amerudishwa," alisema mwishowe. "Tisini na tano."

Kilo aliuliza kama mizani yao ni nzima. Mizani hutofautiana, alisema, na kwa ujumla hilo ni kweli, ndiyo maana lilimjia haraka.

"Ndivyo alivyowaambia. Alisimama mbele ya foleni nzima akasema mizani yao mbovu. Akasema mizani ya shemeji yangu haijawahi kumdanganya mtu, na kama hawaamini waje waone. Watu walicheka, baba watoto. Yeye hakucheka." Alikunja shati la mumewe, akalilaza juu ya mengine, akalipigapiga liwe bapa. "Yako ni nzima?"

"Nzima."

"Basi."

Neno hilo, likitoka kwa mke, lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana.

Kesho yake asubuhi kinyozi alikuja na mashahidi. Walikuwepo wauza magazeti, mama wa vitambaa, na mteja mmoja aliyenyolewa nusu kichwa, shuka bado shingoni, ambaye alifuata kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Kinyozi alieleza kwa ufupi kwamba hospitali imemvunjia heshima shemeji yake na kwamba jambo hilo litasahihishwa hapa. Akanyoosha mguu. Kilo alimfungua kamba za viatu, kama siku zote, maana akiinama ngiri hutoka nje kutazama.

"Soma, shemeji," alisema alipokwisha kupanda. "Leo usininong'oneze. Soma kwa sauti."

Kilo alichuchumaa. Aliona mshale. Aliona pia soksi zilizobana vifundo vya miguu vilivyovimba kwa kusimama. Akisema tisini, mtaa utashangilia, daktari atakuwa mwongo, na shemeji hatarudi tena kwenye hospitali ya waongo. Ngiri nayo, isiyojua kusoma, itaendelea na shughuli zake.

"Tisini na tano."

"Soma tena."

"Tisini na tano, shemeji. Na siku ile niliyosema tisini, haikuwa tisini."

Mtu wa nusu kichwa alijifunika shuka vizuri zaidi.

"Ilikuwa ngapi?"

"Tisini na nne. Tangu Ijumaa ya tatu nilikuwa nakutangulia kidogo."

Kinyozi hakushuka. Alitazama mbele, pale ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. "Niligombana na daktari," alisema. "Mbele za watu. Kwa nini, shemeji?"

Kilo alitafuta sababu yenye sura nzuri, hakuipata. "Ulikuwa umejaribu."

Kinyozi alishuka, akachukua viatu vyake mkononi, akarudi dukani kwa soksi. Mteja wake alimfuata nyuma.

Ijumaa ilikuja peke yake. Jumamosi Kilo alifunga mizani yake kwa kitambaa, akaibeba kwapani, akaenda kukaa kwenye benchi la duka la kona kama mteja yeyote. Zamu yake ilipofika aliketi kitini. Kinyozi alimfunga shuka, labda kwa kukaza kidogo kuliko ilivyohitajika, akaanza kazi. Wembe ulipita shingoni taratibu, ukasimama, ukaendelea. Kilo, ambaye hakuwa mtu wa dini sana, alijikuta akizikumbuka dua mbili tatu.

Baada ya kunyoa, kinyozi huchukua kioo cha mkono, humwonyesha mtu kisogo chake, na kusema amependeza. Huyu alikuwa amewaambia hivyo watu ambao wembe haukuwa na msaada wowote kwao. Sasa alikiinua kioo nyuma ya kichwa cha shemeji yake, akatazama kwa umakini wa daktari.

"Utosini hamna kitu," alisema. "Kulikuwa na nywele, zimehama. Na sikio hili liko juu kuliko mwenzake. Liko hivyo tangu ulipokuja kumposa dada."

"Miaka yote hii unaniambia nimependeza."

"Ulikuwa umejaribu."

Aliyeanza kucheka alikuwa mzee mmoja kwenye benchi. Kinyozi alijizuia alivyoweza, kisha akashindwa, akashika kitovu kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, akicheka na kulalamika kwamba anauawa. Kilo alicheka huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyechunguza ni ya nini.

Kinyozi aliweka wembe chini. "Iweke mizani hapo mlangoni," alisema. "Na kioo nishikie wewe. Leo nasoma mwenyewe."

Kilo aliiweka mizani sakafuni, akamvua shemeji yake viatu, akapiga magoti mbele yake, akakiinamisha kioo hadi dirisha la namba likaonekana ndani yake. Kinyozi alipanda, akatazama juu ya kitambi chake, akakiona kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa akisomewa. Namba zilikuwa zimepinduka kichwa chini. Alikunja uso. Tisa iliyopinduka ilikaa kama sita, na tano ilikaa kama mbili.

"Sitini na mbili," alisema. Alikitazama kioo, kisha akamtazama shemeji yake. "Hiki nacho kilihudhuria semina?"

Duka lilicheka tena. Kilo alisubiri watulie. "Ni tisini na tano," alisema, bila kunong'ona. Wiki ya hasira haipunguzi mtu.

"Za kweli?"

"Za kweli."

"Zimebaki tano."

"Tano."

Kinyozi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mzigo wake na kuukuta si mkubwa kama alivyohofia, wala si mdogo. Akanyoosha mguu, Kilo akamfunga kamba. Jioni ilikuwa inaingia, na basi lake la nyumbani lilisimama kituoni, likangoja kidogo, likaondoka bila yeye.

"Funga mizani, twende," alisema. "Na wewe unachuchumaa kutwa nzima, sijawahi kukuona ukitembea. Ila usinitangulie tena."

"Sikutangulii, shemeji."

Wakaondoka. Kinyozi alikuwa mbele, mkono kitovuni, na Kilo nyuma, mizani kwapani, akiangalia asimpite. Haikuwa rahisi. Njia ilikuwa inapanda, na shemeji yake alitembea taratibu sana.